Kahawa Inayouzwa Kabla ya Kuiva: Mwaka wa Mkulima Mdogo na Mafundisho ya Kanisa juu ya Magoma

Kati ya mwezi Februari na Mei, matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi mtini, zipo familia katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, ambazo kahawa yake imekwisha kuwa mali ya mtu mwingine. Fedha kidogo imepokelewa, imekwisha kutumika, na kilichobaki kwa familia ni kupalilia, kupiga dawa na kuchuma kwa ajili ya aliyeitoa fedha hiyo. Watu wa huku huyaita mapatano haya magoma. Ndugu zetu wa Kagera wana jina lao, butura. Majina ni mawili, jambo ni lile lile: zao huuzwa likiwa shambani, kwa bei ambayo muuzaji asingeikubali kama nyumbani kwake kungekuwa na chakula.

Viongozi wa Serikali wamekwisha kuikemea biashara hii hadharani zaidi ya mara moja, na bado ipo. Waamini nao huuliza: je, kununua kwa magoma ni dhambi, ilhali pande zote mbili zimekubaliana kwa hiari? Na aliyeuza, je, anafungwa na ahadi yake? Maswali haya ni ya haki na yanastahili majibu ya wazi. Lakini hayawezi kujibiwa vema na mtu asiyejua jinsi mwaka wa mkulima unavyokwenda, kwa maana dhambi hii, kama ni dhambi, inapata mlango wake katika kalenda. Tuanze basi shambani, ndipo twende kwenye mafundisho ya Mama Kanisa.

Mwaka wa kazi nyingi na fedha ya mara moja

Umatengo ni nchi ya miteremko mikali. Mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Mwenye shamba dogo hana nafasi ya pili: akikosea mwezi, amekosea mwaka mzima.

Mwezi Machi ndio mwezi wa ngolo, na hapa naomba nichelewe kidogo, kwa sababu vijana wetu wengi wanaanza kuiona kazi hii kama adhabu ya wazee. Wanaume hufyeka nyasi na kuziacha zinyauke. Kisha nyasi hupangwa kwa mistari inayokatana, hadi mteremko mzima unaonekana kama wavu uliotandazwa juu ya kilima, kila jicho la wavu likiwa na upana wa mita moja na nusu hivi. Wanawake hufuata na majembe. Huchimba udongo katikati ya kila jicho na kuzifukia zile nyasi, hivi kwamba penye nyasi panakuwa tuta na katikati panabaki shimo. Juu ya matuta hupandwa maharage. Mvua za Aprili zinaposhuka kwa nguvu, maji hayapati njia ya kukimbia na udongo. Hutuama katika mashimo na kunywewa na ardhi taratibu, huku nyasi zikioza chini ya tuta na kuwa mbolea. Kilimo hiki ni cha tangu enzi za mababu, na katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao kutoka Japani walikuja kukichunguza kwa miaka kadhaa, kwa kuwa kilikuwa kinafanya kile ambacho miradi mingi ya kuzuia mmomonyoko ilishindwa kukifanya. Kwa hiyo kijana anayemwona bibi yake akichimba ngolo anamtazama mtaalamu.

Maharage hayo huvunwa katikati ya mwaka. Matuta yale yale hupumzika kiangazi, na mvua mpya zinapoanza, mwishoni mwa Novemba na Desemba, hupandwa mahindi. Januari na Februari ni palizi, magugu yakitupwa ndani ya mashimo. Ni kuweka mbolea, kwa mwenye uwezo wa kuinunua. Na tangu mwaka 2017 ni kupambana pia na viwavijeshi vamizi, adui mpya ambaye babu zetu hawakumjua. Mahindi makavu huvunwa Julai na Agosti.

Kahawa ina mwaka wake ndani ya mwaka huo. Hutoa maua mvua zinapoanza. Katika masika yote inadai kupigwa dawa dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, na dawa ni ghali. Ndiyo maana miche yenye ukinzani inayotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ambayo ina kituo chake pale Ugano, ni neema ya kweli kwa mwenye shamba dogo, ingawa mche uliopandwa leo unahitaji kama miaka mitatu ndipo uanze kulipa. Uchumaji huanza katikati ya mwaka na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, matunda mekundu tu, kwa kurudia mti ule ule mara kadhaa. Yaliyochumwa asubuhi yanapaswa kumenywa siku hiyo hiyo, yachachushwe, yaoshwe, kisha yaanikwe juu ya vichanja na kugeuzwa-geuzwa mchana kutwa. Mvua ya ghafla ya nusu saa inaweza kushusha daraja la kahawa ya wiki nzima.

Halafu ni kusubiri. Tangu mwaka 2018 utaratibu wa Serikali ni kwamba kahawa hukusanywa na kuuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS. Mkulima hukabidhi, hupewa stakabadhi, kahawa hukobolewa, hupangwa madaraja, huenda mnadani, ndipo malipo yarudi. Utaratibu huu una faida zake, hasa mizani na bei inayojulikana. Lakini fedha haiji siku ya kukabidhi.

Sasa tazama, ndugu msomaji, mahitaji yanaangukia wapi. Mbolea ya mahindi inatakiwa Desemba na Januari. Shule zinafunguliwa Januari. Ada ya shule za msingi na sekondari za Serikali hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia mwaka 2016, na tunashukuru. Lakini sare, madaftari, chakula cha shuleni, nauli ya mtoto wa bweni na ada ya seminari havikuondolewa. Malaria hushika zaidi wakati wa masika. Machi inadai nguvu ya mikono kuliko mwezi mwingine wowote, na mwenye nyumba mgonjwa analazimika kuajiri vibarua. Na katika miezi hiyo hiyo ghala linatoa mwangwi. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu yana rangi ya kijani. Fedha ya familia inaingia kati ya Septemba na Desemba. Mahitaji yake makubwa yanakuja kati ya Desemba na Aprili. Katika pengo hilo ndipo mtu wa magoma anapobisha hodi, na ni lazima tukiri kwamba mara nyingi anakuja akiwa mwenye adabu, na ndiye peke yake anayekuja.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa kuelewa hesabu tu. Bei hubadilika kila msimu. Baba anahitaji shilingi 100,000 mwezi Machi. Mwenye fedha anampa, kwa mapatano kwamba atalipwa kilo 50 za kahawa kavu wakati wa mavuno, maana yake amezinunua kwa shilingi 2,000 kila kilo. Septemba bei ni shilingi 5,000. Zile kilo 50 zina thamani ya 250,000. Kwa miezi sita mkulima amelipa 150,000 juu ya 100,000 aliyopewa, yaani asilimia 150. Benki ingetoza kiwango hicho, tungeandamana. Hapa hakuna aliyetamka neno riba, hakuna karatasi iliyoandikwa riba, na kwa sababu hiyo wengi wanadhani riba haipo.

Ziongezwe gharama zisizohesabiwa. Kilo zile 50 bado zinadai dawa ya mkulima, jasho la mama na watoto, na maji ya kuoshea. Na katika mapatano mengi, kahawa ikiharibiwa na chulebuni, deni halifi pamoja nayo. Linahamia msimu unaofuata, likiwa limenenepa. Familia iliyoanza kwa kuuza kilo 50 inajikuta mwaka wa tatu haina hata kilo moja iliyo yake. Hapo watu husema shamba limechoka. Shamba halijachoka.

Kanisa linafundisha nini

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili kwa undani unaoshangaza. Sheria ya Musa ilikataza kumtoza riba ndugu maskini (Kut 22:25, Law 25:35-37), na ikakataza kuchukua rehani ya jiwe la kusagia, kwa kuwa anayelichukua jiwe hilo amechukua uhai wa mtu (Kum 24:6). Angalieni hekima yake: deni linaweza kudai mambo mengi, lakini lisiguse kile ambacho familia inatumia kutengeneza chakula chake cha kesho. Kwa mkulima wetu, kahawa iliyo mtini ndilo jiwe la kusagia.

Lakini sura ambayo ningependa kila jumuiya ndogo ndogo iisome kwa sauti ni ya tano ya kitabu cha Nehemia. Watu waliorudi kutoka uhamishoni wanajenga ukuta wa Yerusalemu. Wakati huo huo kilio kikubwa kinasikika, na mwandishi hakusahau kutaja kwamba ni kilio cha watu pamoja na wake zao. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wadai wao si Waajemi wala Wababeli. Ni Wayahudi wenzao, watu wa sala moja na ukuta mmoja. Nehemia anakasirika, anajishauri moyoni, kisha anawaita wakubwa mbele ya mkutano wote na kuwataka warudishe mashamba na ile sehemu waliyotoza. Nao wanarudisha. Kisa hiki hakimhusu mgeni mdhalimu aliyekuja kutoka mbali. Na kwetu pia, tuseme ukweli, wanunuzi wengine wa magoma ni watu tunaowafahamu kwa majina ya ubatizo, wanaoketi viti vya mbele na kuchangia vizuri.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alilijibu swali letu kana kwamba alikuwa amefika Mbinga. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 78, anafundisha kwamba anayenunua kitu kwa bei iliyo chini ya haki, kwa sababu tu analipa kabla ya kukabidhiwa, anatenda dhambi ya riba. Kwa maana fedha aliyotanguliza ni mkopo, na kile alichopunguza katika bei ya haki ndiyo faida ya mkopo huo. Lakini Thoma, kama kawaida yake, anatenganisha. Anasema pia kwamba muuzaji ambaye kwa hiari yake anapunguza kidogo bei ya haki ili apate fedha yake mapema hatendi dhambi ya riba. Maana yake kwetu ni nini? Kwamba kosa halimo katika kuuza mapema kwenyewe, wala mkulima aliyebanwa na njaa asijihesabu kuwa mtoza riba. Kosa limo katika kuigeuza dhiki ya mwingine kuwa kipimo cha bei.

Hili ndilo jibu kwa hoja ya hiari. Ni kweli mkulima amekubali. Hata mtu anayezama hukubali bei yoyote ya kamba. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha juu ya ujira kwamba mapatano ya hiari hayatoshi kuufanya uwe wa haki, endapo mfanyakazi amekubali kwa kulazimishwa na shida au kwa kuogopa baya zaidi. Na katika waraka huo huo alikemea riba inayowatafuna maskini, akisema kwamba Kanisa limekwisha kuilaani mara nyingi na bado inarudi ikiwa na sura nyingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inahesabu miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba kupandisha bei kwa kutumia ujinga au dhiki ya mwingine; na namba 2269 inakwenda mbali zaidi, ikifundisha kwamba wale ambao kwa riba na tamaa yao wanawasababishia ndugu zao njaa na kifo wanaihalifu amri ya tano kwa njia isiyo ya moja kwa moja.

Mtu anaweza kusema: mnunuzi naye anabeba hatari, pengine bei itaanguka. Hoja hii ina uzito wake. Ikiwa kweli mapatano yanasema kwamba mvua ya mawe au chulebuni ikiharibu kahawa basi hasara ni ya mnunuzi, na ikiwa punguzo la bei linalingana na hatari hiyo, hapo kuna biashara halali. Lakini mwenye hoja hii ajiulize kwa unyofu: mwaka kahawa ilipokosekana, alilisamehe deni? Kama alilihamishia msimu uliofuata, basi hatari haikuwa yake.

Mtakatifu Yohane XXIII, mwenyewe mtoto wa wakulima wa Sotto il Monte huko Italia kaskazini, aliandika katika Mater et Magistra, mwaka 1961, kurasa nyingi juu ya kilimo cha familia. Alitambua kwamba mapato ya mkulima huja polepole na yamezungukwa na hatari, na kwa hiyo akadai kwamba wakulima wapatiwe mikopo ya riba nafuu, kinga ya bei na bima. Na akawahimiza wakulima wenyewe waungane katika ushirika, kwa maana sauti ya mmoja mmoja hutawanywa na upepo. Kanisa, kwa maneno mengine, halikuishia kuwakemea wakopeshaji. Liliona kwamba pengo la Februari lisipozibwa na kitu kilicho bora, litazibwa na magoma.

Kwa aliyekwisha kununua, na kwa aliyekwisha kuuza

Aliyenunua kwa magoma na sasa dhamiri inamsuta, hatoshi kuungama na kuendelea kupima kahawa ile ile. Amri ya saba inadai malipizi. Ahesabu fedha aliyotoa, aongeze kiasi cha haki kwa usumbufu na gharama halisi, na kinachozidi ni mali ya familia ile. Airudishie, kama Zakayo (Lk 19:8), ambaye hakungoja kuambiwa kiasi. Kama bado hajapokea kahawa, njia ni rahisi zaidi: ayageuze mapatano yawe mkopo wa fedha, na aipokee fedha yake baada ya malipo ya mnada.

Aliyeuza, kwa upande wake, asidhani kwamba kwa kuwa mapatano yalikuwa ya dhuluma basi yuko huru kula fedha ya watu. Alichopokea ni deni la kweli na lazima kirudi. Wapo wanaoamua kuipeleka kahawa usiku kwa jina la shemeji ili mdai asiione. Huko ni kutafuta uwongo wa kutibu dhuluma, na mwisho wake ni ugomvi wa koo mbili. Njia iliyo bora ni ya mchana. Mkulima amwendee mdai akiwa na shahidi, mzee wa jumuiya au mwenyekiti wa kitongoji, amwambie: fedha yako nitakurudishia, na nyongeza ya haki, lakini kahawa hii itauzwa kwa bei ya mnada. Wengine watakataa. Mdai aliyekubali peke yake gizani kubana, hata hivyo, mara nyingi hulegea mbele ya watu. Nehemia naye aliita mkutano.

Njaa ya Februari huanza Agosti

Tungekosa uaminifu kama tungewalaumu wakopeshaji peke yao. Sehemu ya pengo lile huchimbwa na sisi wenyewe mara baada ya mavuno. Agosti mahindi ni mengi na bei iko chini. Ndio mwezi ambao magari ya wanunuzi huingia vijijini, na ndio mwezi wa sherehe. Gunia linatoka kwa ajili ya kipaimara cha mtoto, la pili kwa harusi ya binamu, la tatu linageuka pombe. Februari familia inanunua mahindi yale yale kwa bei ya juu, kwa fedha ya magoma.

Yosefu, mwana wa Yakobo, aliweka akiba sehemu ya tano ya mavuno ya Misri (Mwa 41:34). Sisi tuanze na hesabu nyepesi zaidi. Wakulima wenye uzoefu hukadiria gunia moja la kilo 100 kwa kila mlaji mkubwa kwa mwaka. Nyumba ya watu sita ijue, kabla gari halijafika, kwamba magunia yake sita hayauzwi hata kwa bei nzuri, na mbegu pia haziuzwi. Na mahindi yawekwe yakiwa makavu kweli. Kipimo cha bei rahisi ni chumvi kavu na chupa kavu: tia kiganja cha punje ndani ya chupa, ongeza chumvi, funga, tikisa, uache itulie dakika kumi na tano, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Dhidi ya dumuzi, mifuko isiyopitisha hewa imewasaidia wengi, mradi ifungwe vizuri na isitobolewe na panya.

Kuna jambo lingine, nalo ni zito kuliko dumuzi. Katika nyumba nyingi mapatano ya magoma hufanywa na baba peke yake, na mama, aliyechimba ngolo, aliyechuma na kuanika, huyajua siku kahawa inapochukuliwa. Hutokea pia mama kuweka maharage rehani kwa siri. Agano la ndoa linawafanya wawili kuwa mwili mmoja. Haiwezekani nusu ya mwili ikauza jasho la nusu nyingine bila kuiambia. Ningeshauri, na mapadre wenzangu wanaofundisha mafungo ya wanandoa watanisaidia, kwamba kila mwaka baada ya mavuno baba, mama na watoto waliokwisha kukua waketi pamoja na daftari: magunia mangapi yamepatikana, mangapi hayaguswi, kahawa imeleta kiasi gani, Januari itadai nini. Fedha ya Januari iwekwe akiba Oktoba katika SACCOS au kikundi, kabla haijajua njia ya kwenda mnadani kununua redio.

Parokia nazo zitazame kalenda hii. Mchango wa ujenzi unaodaiwa Machi, hata kama ni kwa nia takatifu, unaweza kulipwa na kahawa mbichi. Michango mikubwa ikipangwa Oktoba na Novemba, na zaka ikipokelewa kwa mazao wakati wa mavuno, mkulima atatoa kwa furaha kile alicho nacho.

Na jumuiya ndogo ndogo inaweza kufanya kile ambacho Wafransisko walifanya Italia katika karne ya 15. Waliona maskini wanakamuliwa na watoza riba, wakaanzisha mifuko ya kukopesha kwa gharama ndogo, mmoja wa mwanzo ukiwa wa Perugia mwaka 1462; baadaye zikafuata hazina za nafaka, ambapo mkulima alikopa mbegu na kurudisha mbegu. Wengine waliipinga nyongeza ndogo iliyotozwa. Mtaguso wa Tano wa Laterani, mwaka 1515, ulifundisha kwamba nyongeza inayolipia gharama za uendeshaji tu si riba.

Kwetu inaweza kwenda hivi. Agosti, kila nyumba ya jumuiya inaweka madebe mawili ya mahindi makavu katika ghala moja. Februari, nyumba iliyopungukiwa inakopa kati ya debe moja na matatu, na mavuno yakija inarudisha alichokopa pamoja na kiasi kidogo, tuseme kisado kwa kila debe, kufidia kilichopotea na kununua mifuko mipya. Nyumba yenye mgonjwa au mjane mwenye watoto wadogo inaweza kusamehewa nyongeza hiyo. Ghala liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti na mwingine kwa mama mhazini, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, baada ya sala ya jumuiya.